Dakika 140 za Alfajiri

Ukimtaja wakili, wengi wetu tunafikiria ulimi: mtu anayesimama mbele ya jaji na kumwaga hoja mpaka upande wa pili ukose la kusema. Mawakili ninaowahusudu zaidi hawako hivyo. Ni wale wa Uingereza waliobobea katika kesi za polisi na sheria ya umma, na sehemu kubwa ya ufundi wao ni kusoma makaratasi bila pupa na kuuliza maswali mafupi.

Huko uwakili una matawi mawili. Wakili wa ofisini huonana na mteja na kukusanya nyaraka. Wakili wa mahakamani ndiye anayesimama kusema. Huyu wa pili hachagui wateja kwa kuwapenda. Akiwa na nafasi, kesi ikiwa ya fani yake na malipo yakiwa ya haki, kanuni za taaluma zinamtaka aipokee. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kumtetea mkuu wa polisi mwezi huu, na mwezi ujao akamshitaki mkuu mwingine kwa niaba ya raia aliyewekwa mahabusu. Wapo wanaouona huo kuwa ukosefu wa msimamo. Mimi naamini umahiri wao mwingi unatoka hapohapo: aliyewahi kuandaa utetezi wa sajenti wa mahabusu anajua sajenti huandika nini, huandika saa ngapi, na ni mstari upi huwa anauruka akichoka.

Katika madai ya kuzuiliwa kinyume cha sheria, raia akishathibitisha kwamba alizuiliwa, mzigo unahamia kwa polisi. Wao ndio waonyeshe kwamba sheria iliwaruhusu. Na askari haulizwi tu kama palikuwa na sababu ya kumshuku mtu. Anaulizwa yeye mwenyewe alikuwa akijua nini wakati ule anamshika mkono. Hapo ndipo maswali ya dodoso yanapokuwa kazi ya mikono. Uliambiwa nini kabla ya kushuka garini? Na nani? Uliandika wapi? Mbona kwenye daftari lako jina hilo linaonekana baada ya kumkamata, si kabla? Kila swali linabeba jambo moja, na wakili anajua ukurasa wenye jibu. Haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja katika ibara ya 49, iliwekewa msingi Uingereza kwa maswali ya namna hiyo katika kesi ya Christie v Leachinsky, iliyoanzia Liverpool na kuamuliwa na Baraza la Mabwana mwaka 1947.

Kuna kesi moja ya huko Cheshire, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo sichoki kuirudia. Mtu alikamatwa, na saa tano na dakika 25 usiku ikaidhinishwa azuiliwe. Sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 inataka afisa apitie upya sababu za kumzuia mtu kabla ya saa sita kupita. Mapitio yalipaswa kufanyika saa kumi na moja na dakika 25 alfajiri. Yalifanyika saa mbili kasorobo asubuhi. Mdai hakudai kwamba alipigwa au kwamba kukamatwa kwake kulikuwa batili tangu mwanzo. Alidai zile dakika 140.

Polisi walikuwa na jibu lenye uzito: hata mapitio yangefanyika kwa wakati, mtu huyu angeendelea kuzuiliwa, basi amepoteza nini? Mahakama ilikataa. Saa ilipofika bila mapitio, uhalali wa kumshikilia ulikwisha, na akapewa fidia ya pauni 500. Ninachokistahi hapa ni jicho. Rekodi ya mahabusu ni karatasi kavu yenye safu za saa na sahihi. Mtu akiisoma haraka ataona usiku wa kawaida wa kituo cha polisi. Ilibidi mtu aketi, ahesabu saa sita kwa kidole, kisha aamini kwamba kinachokosekana kinastahili kupelekwa mbele ya majaji.

Hoja iliyoshindwa Cheshire haikufa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Lumba, ya wafungwa wa kigeni, mmoja wao raia wa Kongo, waliozuiliwa baada ya kumaliza vifungo vyao. Ilibainika kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa ikitumia sera ya siri iliyopingana na ile iliyoitangaza. Kuzuiliwa kukaamuliwa kuwa haramu. Lakini kwa kuwa wangezuiliwa hata chini ya sera ya wazi, kila mmoja alipata pauni 1. Tangu hapo mawakili wa polisi wanaishika pauni hiyo mkononi, na wa upande wa pili inabidi watafute ushahidi kwamba mteja wao kweli angeachiwa. Anayefanya kazi pande zote mbili amewahi kuitumia na amewahi kuikwepa.

Lakini mahali pagumu kuliko pote ni uchunguzi wa vifo mbele ya juri. Humo hakuna mshitaki wala mshitakiwa, na kanuni zinamkataza wakili kulihutubia juri kuhusu ukweli wa mambo. Hana hotuba ya mwisho. Kila anachotaka wale raia wakijue lazima kipite ndani ya swali.

Ndivyo ilivyokuwa Warrington, kati ya 2014 na 2016, uchunguzi wa vifo vya mashabiki waliobanwa katika uwanja wa mpira wa Hillsborough ulipofanywa upya. Tarehe 15 Aprili 1989, saa nane na dakika 52 mchana, geti C lilifunguliwa kwa amri ya David Duckenfield, kamanda wa polisi siku ile, na mashabiki wa Liverpool wakaelekea kwenye njia ya chini iliyowaingiza katika vizimba vilivyokwisha kujaa. Hakuna aliyeifunga njia ile. Waliokufa wanahesabiwa leo kuwa 97. Wakati wa uchunguzi walitajwa 96. Katika uchunguzi wa kwanza familia nyingi zilichangishana kumlipa wakili mmoja, na juri likasema ni ajali.

Machi 2015 Duckenfield alihojiwa kwa siku kadhaa. Alikiri kwamba alidanganya aliposema mashabiki ndio waliolivunja geti. Jibu zito zaidi lilikuja kwa Paul Greaney, wakili wa chama cha askari polisi. Askari wa vyeo vya chini walikuwa na maslahi yao, mbali na ya kamanda wao. Alimpeleka hatua kwa hatua: geti, njia, wajibu wa kuifunga. Mwisho akamuuliza kama kushindwa kuifunga ndiko kulikokuwa sababu ya moja kwa moja ya vifo vya watu 96. Akajibu ndiyo.

Uchunguzi wa vifo haumtii mtu hatiani, na mwaka 2019 juri la jinai lilimwachia huru Duckenfield. Lakini tarehe 26 Aprili 2016 juri la Warrington lilijibu maswali 14 liliyopewa. Kwa kura saba dhidi ya mbili lilisema watu wale waliuawa isivyo halali. Swali la 7 liliuliza kama tabia ya mashabiki ilichangia hatari iliyotokea kwenye mageti, lawama waliyokuwa wameibeba kwa miaka 27. Juri lilijibu hapana.