Tukimcheka Mgeni, Twamcheka Nani?

Kicheko hupima tabia ya mtu kuliko machozi. Msiba huwaliza watu wote, wa bara na wa pwani, wa jana na wa leo. Lakini kicheko huonyesha mchekaji amesimama wapi, na amemweka wapi yule anayemcheka. Mwanafunzi anayejifunza kuhakiki aghalabu huanza na visa vya huzuni, kwa kuwa hudhani kuwa jambo zito halina budi kuwa na uso uliokunjwa. Katika insha hii nakuomba, msomaji, tuchukue jambo jepesi kwa sura na tulitazame kwa uzito linaostahili. Jambo lenyewe ni visa vya kuchekesha juu ya watu wa sayari nyingine katika mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek.

Mfululizo wa kwanza wa jina hilo ulianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ukakoma mwaka 1969 baada ya visa 79. Ukafuatwa na mifululizo mingine mingi. Merikebu ya angani iitwayo Enterprise, chini ya Nahodha Kirk, yatembea toka nyota hata nyota, na kila kituo kina watu wake na desturi zao. Miongoni mwa maofisa wake yumo mwanamke wa Kiafrika, Luteni Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Jina hilo latokana na neno letu uhuru. Mchezaji huyo alikuwa akisoma riwaya ya Robert Ruark juu ya Kenya, yenye jina hilo, iliyotolewa mwaka 1962. Neno likapendwa, likabadilishwa irabu ya mwisho ili lisikike laini zaidi. Msemaji wa Kiswahili hutabasamu hapo, maana lugha yetu haina desturi ya kubadili irabu ya mwisho ili kulilainisha jina. Katika kisa kimoja cha mwaka 1967 Uhura afutwa kumbukumbu zake zote, na anapofundishwa kusoma upya Kiswahili chamtoka kinywani. Basi na sisi tumo katika safari hiyo. Tulipandishwa mbinguni kabla hatujaulizwa.

Mfululizo huu una wapenzi hata hapa Mombasa. Jioni, kandokando ya bahari huko Kizingo, watu wanapokula mihogo na kunywa madafu huku meli kubwa zikipita karibu kuingia Kilindini, nimewasikia vijana wakibishana juu yake. Wengine hushika kwamba visa vya kuchekesha ni makapi; mfululizo uliojaa mambo ya vita, sheria na hatima ya binadamu haupaswi kupoteza saa nzima kwa mizaha. Wengine hujibu kwamba mizaha hiyo ndiyo chumvi, na kwamba pasipo chumvi hata pilau ya harusi hailiki. Pande zote mbili zina hoja. Lakini zote mbili huuliza kama kisa chachekesha, na ni wachache wanaouliza chamcheka nani. Swali hili la pili ndilo la mhakiki.

Tutwae kisa kimoja kilicho mashuhuri, kiitwacho A Piece of the Action, kilichoonyeshwa tarehe 12 Januari 1968. Enterprise yafika katika sayari ambayo miaka mia moja nyuma ilizuriwa na merikebu nyingine kutoka duniani. Wageni wale wa kwanza waliacha kitabu kimoja kilichoeleza habari za magenge ya majambazi wa Chicago ya miaka ya 1920. Watu wa sayari ile, hodari mno wa kuiga, walikifanya kitabu kile msingi wa maisha yao. Nahodha Kirk akuta mji mzima uliojengwa kwa mfano wa Chicago: wanaume wamevaa kofia na suti zenye milia, wabeba bunduki za rashasha, na nchi yote imegawanywa baina ya wakuu wa magenge. Wakubwa wawili kati yao, Oxmyx na Krako, kila mmoja ataka silaha za wageni ili amshinde mwenziwe.

Vichekesho vya kisa hiki vimejengwa kwa ustadi. Kirk ashikwa na walinzi waliokuwa wakicheza karata. Naye abuni papo hapo mchezo wa karata usiokuwako, wenye kanuni zinazobadilika kwa siku na kwa saa, hata walinzi wavurugikiwa na akili na wageni wapata kuwapokonya silaha. Halafu Kirk avaa suti na kofia kama wao, aendesha motokaa asiyoijua huku mwenziwe Spock ameshika roho mkononi, na aanza kusema kwa lafudhi ya majambazi. Mwisho aamua mgogoro kwa njia ile ile waliyoizoea: ajitangaza kuwa mkuu wa genge kubwa kuliko yote, na adai fungu lake, asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, fedha ambazo akusudia zitumiwe kuwaongoza wenyeji katika njia njema. Angalia, msomaji, kinaya kilichomo humo. Mgeni aliyekuja kuwarekebisha waigaji ageuka kuwa mwigaji wao. Na kisa chafungwa kwa daktari wa merikebu kukumbuka kwamba amesahau huko nyuma chombo chake cha kupashia habari. Nani ajuaye watu wale wataiga nini tena?

Hayo ni mazuri ya kisa, na sifa yake si ndogo. Lakini mhakiki aliyelelewa pwani hawezi kukoma hapo. Hebu jiulize: watu wale walikuwa na nini kabla ya kitabu kufika? Kisa hakisemi. Hawana wimbo wa mababu, hawana chakula chao, hawana methali, wala hakuna bibi mmoja mzee wa kutikisa kichwa na kunena, "Sivyo tulivyolelewa." Kitabu kimoja cha wageni kimewafuta wote kama ubao wa darasani. Mtunzi ametaka tuamini kuwa kuiga ni kutokuwa na akili, na kwamba mwigaji hajui kuwa aiga. Hapo ndipo kicheko chake kinapopungua uzito, kwa maana katika dunia yetu hii mambo hayaendi hivyo.

Ushahidi twaweza kuupata hapa hapa. Katika miaka ya 1890 kulizuka katika miji ya pwani ya Kenya ngoma iitwayo beni. Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki. Wachezaji walijipanga kama askari, wakavaa mavazi ya kijeshi, wakapiga matarumbeta na madebe makubwa, wakapeana vyeo vya kifalme na vya majeshi ya Kizungu. Mombasa ilikuwa na vyama vilivyoshindana, kimoja kikiitwa Kingi na kingine Skochi. Mzungu mpita njia angeweza kuwatazama kama Kirk alivyowatazama watu wa sayari ile, akasema, "Tazama, wametuiga, wala hawajui maana yake." Kumbe ashindwaye kujua maana ni yeye. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotolewa mwaka 1975, alionyesha kuwa mashindano yale yalikuwa ya kale kuliko matarumbeta. Miji ya pwani ilikuwa na mitaa na pande zilizoshindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mashairi kabla Mwingereza hajatia nanga. Kilichobadilika ni vazi. Watu walichukua fahari ya mgeni, wakaitia katika ugomvi wao wenyewe, na huku wakiandamana walikuwa wakijua vema nani anayechekwa.

Lugha yetu yasema vivyo hivyo. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nasi tukabaki na maneno yao kama vile meza, leso, bendera na hiyo karata yenyewe. Neno gereza huhesabiwa kuwa limetokana na neno la Kireno la kanisa. Basi nyumba ya ibada ya mgeni imekuwa nyumba ya kufungia watu! Na ngome hiyo, ambayo ndani yake mlikuwa na kanisa, ikatumiwa na Waingereza kuwa jela hata mwaka 1958. Sijui mzaha wa televisheni uliokamilika kama huo. Hatukuwa ubao mtupu. Tulipokea tulichotaka, tukakipa maana tuliyoiona.

Sasa tutazame kisa cha pili, kilichotungwa miaka mingi baadaye. Katika mfululizo uitwao Deep Space Nine, ulioonyeshwa toka 1993 hata 1999, wamo watu wa kabila la Ferengi, wafupi, wenye masikio makubwa, wapendao faida kuliko kitu chochote. Hata dini yao ni biashara, nayo ina kanuni 285 za kuchuma mali. Ferengi mmoja mwenye kilabu cha vinywaji, Quark, achezwa na Armin Shimerman. Katika kisa kiitwacho Little Green Men, cha mwaka 1995, Quark na nduguye na mtoto wa nduguye wapotea njia katika wakati na kuanguka Marekani mwaka 1947, mikononi mwa jeshi. Vyombo vyao vya kutafsiri lugha, vilivyomo masikioni, vyakatika. Nao wajipigapiga vichwa ili viamke. Wanajeshi na mtaalamu wao wadhani hiyo ndiyo namna ya kuamkiana, nao wajipiga vichwa kwa heshima zote. Baadaye Quark ashangaa kuona watu wavuta tumbaku, nayo ni sumu, na tena wainunua. Aona kwamba watu wa namna hiyo watauziwa chochote. Na asikiapo kuwa wanadamu wamelipua mabomu ya atomiki katika sayari yao wenyewe, yeye mlafi wa mali astaajabu kwa upumbavu huo.

Tofauti ya visa hivi viwili ni kubwa. Katika kile cha kwanza, mwanadamu ndiye macho, na mgeni ndiye kioja. Katika hiki cha pili macho yamegeuzwa. Sisi ndio kioja, na kicheko chaturudia kama mpira uliopigwa ukutani. Methali yasema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kisa cha pili chamshika nyani mkono na kumpa kioo.

Hata hivyo tusikisifu kupita kiasi. Wako watazamaji waliolalamika kwamba Ferengi, kwa maumbile yao na tamaa yao, wafanana mno na vikaragosi vya kale ambavyo Ulaya ilivichora ili kuwadhalilisha Wayahudi. Lalamiko hilo lina nguvu, wala si geni kwetu. Katika Afrika ya Mashariki, Mhindi mwenye duka amechorwa mara nyingi kuwa mtu asiye na moyo, ana mizani tu. Ni kweli kwamba kadiri mfululizo ulivyoendelea, Ferengi walipewa mama, watoto, aibu na ujasiri, wakawa watu. Lakini waliumbwa kwanza kuwa vinyago, wakapewa roho baadaye, na alama za kinyago hazikufutika zote.

Ili kuona kicheko kilichotangulizwa roho, turudi nyumbani. Kwa miaka mingi Wakenya walimpenda Mzee Ojwang', wa mchezo wa Vitimbi katika televisheni ya taifa. Alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, na lafudhi ile ilivunja watu mbavu. Mchezaji mwenyewe, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa nini basi kuiga kwake hakukuwa tusi? Kwa sababu Ojwang' alikuwa mume, mzee wa nyumba, mwenye hila zake, hasira zake na huruma zake. Lafudhi ilikuwa vazi lake, haikuwa yeye mzima. Mtazamaji alipozima televisheni alibaki akimkumbuka mtu.

Jambo hili si la televisheni pekee. Mimi hufundisha walimu watarajiwa, na kila mwaka hufika chuoni vijana wa Lamu, wa Taita, wa Kisumu na wa Garissa. Juma la kwanza halipiti kabla mmoja hajachekwa kwa namna anavyotamka neno. Kicheko hicho hakidumu kitambo, lakini aliyechekwa aweza kunyamaza muhula mzima. Na mwalimu aliyenyamazishwa hivyo huenda akawanyamazisha watoto wa watu baadaye. Mgeni ni kuku mweupe, waliotutangulia walisema: huonekana upesi kati ya wenzake. Kuonekana huko si kosa lake.

Kwa hiyo, msomaji, ukitazama kisa cha kuchekesha juu ya watu walio mbali, wa sayari nyingine au wa ng'ambo ya Likoni, kipime kwa maswali matatu. Kwanza, anayechekwa ana jambo lake mwenyewe, au ana kasoro tu? Pili, macho yageuzwa hata mara moja, naye mgeni akapata nafasi ya kutucheka sisi? Tatu, kama mtu yule angeketi karibu nawe na kutazama pamoja nawe, ungecheka vile vile? Kisa kikijibu maswali haya vizuri, cheka bila haya, maana kicheko cha namna hiyo hujenga ujirani. Kikishindwa, usikikimbie, kitazame mpaka mwisho, ustadi wake uupe haki yake, kisha useme wazi mahali kilipopungukiwa na utu.