Jinsi ya Kuipima Albamu ya Kwanza ya Mwanamuziki Aliyeihama Bendi

Mwanamuziki wa roki anapoihama bendi iliyompa jina na kutoa albamu yake mwenyewe, wasikilizaji wengi huipima kwa maswali mawili: imefanana vipi na kazi za bendi, na imeuza kiasi gani. Yote mawili hayatufikishi mbali. Kufanana si sifa wala si kosa, na mauzo ya albamu ya kwanza mara nyingi hutokana na jina ambalo bendi ndiyo iliyolijenga. Kipimo ninachokitetea kinatokana na namna bendi zinavyofanya kazi. Ndani ya bendi kuna watu wa kukataa. Mpiga besi atasema kiitikio kimerefuka mno, mpiga ngoma atakataa kuukimbiza wimbo uliotungwa kwenda polepole, na wimbo dhaifu hufia mazoezini kabla haujafika studio. Anayetoka kivyake huwaacha watu hao nyuma, na pesa za studio sasa zinamtii yeye. Kwa hiyo msikilizaji asikilize alivyojikatalia mwenyewe: ala ipi ameinyamazisha ili wimbo upumue, na kitu gani alikuwa na uwezo wa kukiweka lakini hakukiweka.

Peter Gabriel anafaa sana kujifunzia, kwa kuwa ushindi na kosa lake vimo ndani ya albamu moja. Aliihama Genesis mwaka 1975, baada ya ziara ya The Lamb Lies Down on Broadway, na mwezi Februari 1977 akatoa albamu iliyobeba jina lake tu. Mtayarishaji alikuwa Bob Ezrin, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Toronto, Kanada, pamoja na wapigaji hodari: Robert Fripp na Steve Hunter kwenye magitaa, Tony Levin kwenye besi, Larry Fast kwenye sinthesaiza. Genesis nao hawakufa. Mpiga ngoma wao, Phil Collins, alishika maikrofoni, na mwaka 1976 pekee walitoa albamu mbili. Gabriel alikuwa na kila sababu ya kutaka kuonyesha kwamba anaweza kila kitu, na ndivyo albamu inavyosikika mahali pengi: wimbo mmoja unaanza kwa waimbaji wa sauti tupu kama vikundi vya vinyozi vya zamani vya Marekani, mwingine ni bluzi ndefu ya kilabuni, na mwingine umeletewa London Symphony Orchestra nzima.

Chukua nyimbo mbili za albamu hiyo uziweke pamoja. "Solsbury Hill", uliopewa jina la kilima kilicho karibu na mji wa Bath, una mzunguko wa mapigo saba, hesabu ambayo kwa kawaida humkwaza anayetaka kutikisa kichwa. Hapa haimkwazi mtu, kwani ngoma kubwa inatembea pigo kwa pigo bila madaha, gitaa kavu la Hunter linabeba wimbo mzima, na magitaa ya umeme hayaachiwi uwanja hadi mwishoni. Ugumu umo katika utunzi, nao haujitangazi. Wimbo ulifika nafasi ya 13 katika chati ya Uingereza, lakini hata usingefika popote ubora wake ungebaki palepale. Sasa sikiliza "Here Comes the Flood", unaofunga albamu. Unaanza kwa utulivu, halafu kiitikio kinaangukiwa na ngoma nzito na gitaa la solo, na sauti ya mwimbaji, ambayo ndiyo roho ya wimbo ule, inalazimika kushindana na vishindo. Gabriel mwenyewe baadaye aliona kwamba wimbo ulikuwa umerembwa kupita kiasi. Aliurekodi tena kwa utulivu katika Exposure, albamu ya Fripp ya mwaka 1979, na mwaka 1990 akaurudia kwa sauti yake na piano peke yake. Melodi na maneno ni yaleyale, na wimbo uliovuliwa mapambo unauma kuliko ule wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba lawama hiyo ni ya mtayarishaji, si ya msanii. Jibu limo katika mwaka 1970, Beatles waliposambaratika. Phil Spector, mtu aliyejulikana kwa kurundika ala juu ya ala, alishiriki kutayarisha All Things Must Pass ya George Harrison na vilevile John Lennon/Plastic Ono Band, na albamu hizo zilitoka kwa kupishana majuma machache tu. Ya Harrison ni bahari ya magitaa, matarumbeta na mwangwi. Ya Lennon, kwa sehemu kubwa, ni piano au gitaa, besi ya Klaus Voormann na ngoma za Ringo Starr. Mtayarishaji yuleyule, matokeo mbalimbali: aliyeamua ni mwenye wimbo. Harrison, ambaye ndani ya Beatles alizoea kupewa nafasi ya nyimbo mbili hivi kwa albamu, alikuwa na akiba kubwa ya tungo na akajaza santuri tatu. Mbili za kwanza zinastahili heshima yote zinayopewa, lakini ile ya tatu, yenye wanamuziki wakipiga bila mpango studioni, ingekataliwa na bendi yoyote makini. Miaka mingi baadaye hata yeye alitamani kuupunguza ule mwangwi.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kipimo hiki kinapendelea muziki mkavu. Hapana. Albamu ya McCartney ya mwaka huohuo wa 1970 ina ala chache, zote zikipigwa na Paul McCartney mwenyewe, na bado ina vipande kadhaa vinavyosikika kama rasimu. Alipunguza watu, lakini hakuchuja tungo. "Maybe I'm Amazed" ulio ndani yake una kinanda na gitaa la umeme kwa nguvu zote, nao ni wimbo bora wa albamu ile, kwa kuwa kila kilichoongezwa kinausukuma mbele. Kujikatalia maana yake ni kila sauti iwe na kazi, ziwe tatu au thelathini.

Tuwe waangalifu pia tunapochagua mifano. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Mr. Bad Guy mwaka 1985 akiwa bado mwanachama wa Queen. Huyo hakuihama bendi, na mizani ya kazi ile ni nyingine.

Kwa kipimo hiki, albamu ya Gabriel ya 1977 ni kazi ya mtunzi mkubwa ambaye bado hajajifunza kujikatalia. Alijifunza upesi. Katika albamu yake ya tatu, ya mwaka 1980, aliwapiga marufuku wapiga ngoma kutumia matoazi, akiwemo Phil Collins aliyealikwa kutoka Genesis, na ngoma zikapata uzito ambao roki haikuwa nao kabla. Anayetaka kulizoesha sikio lake aanze na "Here Comes the Flood" ya 1977, afuatishe ile ya 1990, kisha asikilize albamu ya 1980 kuanzia mwanzo hadi mwisho.