Sifa za Ufundi wa Rangi Chache

Mwaka 1987 IBM ilitoa mfumo wa picha wa VGA pamoja na kompyuta zake za PS/2. Skrini iliyopendwa na waandishi wa michezo ilikuwa ya pikseli 320 kwa 200, na kila pikseli ilikaa ndani ya baiti moja. Baiti hiyo haikubeba rangi. Ilibeba namba, 0 hadi 255, iliyoelekeza kwenye paleti: jedwali la rangi 256 zilizochaguliwa kati ya 262,144. Kutenganisha namba na rangi ndiko kulikozaa ufundi ninaousifu.

Msusi wa mkeka hutia ukindu rangi kabla ya kusuka. Hapa mkeka umekwisha kusukwa, na rangi bado inabadilishwa. Mchoraji wa maporomoko alipaka mistari ya maji kwa namba 32 hadi 39, kuanzia buluu nzito hadi weupe wa povu. Kisha programu ilizungusha rangi hizo nane katika jedwali: ya 32 ikahamia 33, ya 39 ikarudi 32. Maji yakateremka, wala hakuna pikseli iliyosogea. Badala ya kuandika upya baiti 64,000, kompyuta iliandika 24 tu, tatu kwa kila rangi. Deluxe Paint, programu ya Dan Silva iliyotolewa kwa Amiga mwaka 1985, ilikuwa tayari imeuweka uwezo huo mikononi mwa wachoraji.

Uzuri mwingine umo katika biti zenyewe, yaani zile 0 na 1 zinazounda kila namba. XOR hulinganisha biti mbili: zikifanana hutoa 0, zikitofautiana hutoa 1. Katika rangi 16 za kawaida za kompyuta hizo, zambarau ni 5, yaani 0101. Ifanyie XOR na 15, yaani 1111, upate 1010: namba 10, kijani kinachong'aa. Fanya XOR na 15 mara ya pili, na zambarau imerudi. Ndivyo mstari ulivyoweza kuchorwa juu ya picha na kufutwa bila nakala yoyote kuhifadhiwa. Lakini kijivu cheupe ni 7, na kinyume chake, 8, ni kijivu kilichokolea. Mstari uliopita hapo ulitofautiana kwa mwangaza tu, si kwa rangi. Kwa hiyo fundi makini alipanga paleti yake akijua ni namba zipi zitakutana. Hesabu na jicho vilifanya kazi moja.

Leo pikseli inaweza kuwa na rangi yoyote kati ya zaidi ya milioni 16, na hakuna anayelazimika kupanga hivyo. Hata hivyo, anayejifunza kuchora kwa kompyuta apewe rangi 16 na aambiwe atiririshe mto. Atalazimika kujua kila namba inakaa wapi, inafanya nini, na ikiguswa itagusa nini kingine. Ujuzi huo hauzeeki, kwa sababu mashine yoyote, iwe na rangi chache au nyingi, humtii zaidi anayeifahamu hadi kwenye biti.