Zebaki ndani ya Ibsen

Hapa Ngokolo, Shinyanga, nimesoma insha ya mwanafunzi wa kidato cha sita kuhusu An Enemy of the People, tamthiliya ya Henrik Ibsen ya mwaka 1882. Kaiandika kwa ajili ya somo la fasihi ya Kiingereza. Kiingereza chake kinachechemea, lakini aya ya tatu, jamani, inafaa kusomwa mara mbili.

Wengi humwona Dkt. Stockmann shujaa tu: kagundua maji ya mabafu ya tiba ya mji wake yana uchafu wenye sumu, kakataa kunyamaza. Binti huyu anauliza: gharama atalipa nani? Kwa Ibsen, wenye nyumba wanamgeuka daktari wakishasikia mabafu yatafungwa miaka 2 na fedha zitatoka mifukoni mwao. Hapo anawaleta wachenjuaji dhahabu wa Geita, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Wanajua ina madhara, anasema, ila mwalo ukifungwa leo, watoto kesho watakula nini?

Huo ndio uhakiki. Halafu anaukatisha ghafla, anarudi kwenye orodha tuliyoizoea sote: rushwa, usaliti, unafiki. Yaani anatafuta maksi. Angeendelea angefika tendo la nne, ambapo daktari mwenyewe anawatukana wananchi kuwa wengi wao ni wajinga, na swali lake lingezidi kuuma.

Walimu mnaosahihisha, chonde chonde, aya kama ile ipeni alama zake. Orodha kaikariri kwenye notsi. Swali la zebaki kaliwaza mwenyewe.