Wi-Fi ya Shule Tabora: Umeme Kwanza, Mawimbi Baadaye

Shule moja mjini Tabora ilitaka intaneti ya ofisini ifike madarasani. Katikati imesimama miembe, mti ambao watu wa misafara waliueneza njiani kati ya Bagamoyo na Ujiji. Majani ya mwembe yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5. Kwa hiyo akses pointi, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, ilifungwa chini ya upenu wa madarasa, ng'ambo ya miembe, na umbali wote ukaachiwa waya. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ulihamishia ugumu kwenye umeme.

Akses pointi ya aina hii haina soketi yake. Umeme wa volti 48 hivi na data hupita pamoja katika waya mmoja wa mtandao, usiozidi mita 100. Kiwango cha kawaida hutoa wati 15.4 ofisini, na kifaa huhakikishiwa wati 12.95 tu; zinazobaki hugeuka joto njiani. Hesabu hiyo ni ya waya wa shaba tupu. Madukani kuna waya wa bei rahisi ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, usiununue. Waya huo huzuia umeme zaidi. Taa ya kifaa itawaka vizuri asubuhi, kisha wanafunzi wakiunganishwa kwa wingi na redio ikahitaji nguvu, kifaa kitazimika na kuwaka upya. Wengi hulaumu kifaa, kumbe ni waya.

Jambo la pili ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa ziada ardhini. Mvua za Tabora hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na radi ni nyingi. Waya mrefu wa nje huokota msukumo wa radi hata ikipiga mbali, kwa hiyo kikinga radi kilifungwa pale waya unapoingia ofisini, kikaunganishwa na fimbo ya ethi. Ethi ipimwe Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Ikipimwa Februari, udongo uliolowa utaipa sifa isiyo yake.

Kuwasha nako kuna utaratibu. Kifaa kiliwashwa kwanza mezani kwa waya mfupi, kikawekewa nywila, nchi na chaneli. Baada ya hapo kikafungwa ukutani, waya ukaachwa uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke yasiingie ndani. Ethi ikaunganishwa, nyuzi zote nane zikapimwa, rauta ikawashwa, na injekta inayoingiza umeme kwenye waya wa mtandao ikawa ya mwisho. Mafundi wakisubiri taa itulie kabla ya kupima mawimbi, kosa likitokea hujulikana liko hatua ipi.

Umeme wa gridi hukatika, na ukirudi huja kwa kishindo, kwa hiyo betri inahitajika. Kifaa cha wati 12 hula wati-saa 288 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600. Hata ukitoa chakula cha rauta na upotevu, usiku mzima unapita salama.

Mkuu wa shule anayepanga bajeti aanze na waya wa shaba, ethi na betri, halafu achague kifaa kwa fedha iliyobaki. Akses pointi ya bei ya kati yenye umeme safi itawatumikia wanafunzi vizuri zaidi kuliko ya gharama kubwa inayozimika kila darasa likijaa.