Kizibo Kinasingiziwa

Mvinyo wa nyumbani ukiharibika pale Dodoma, wa kwanza kulaumiwa ni kizibo. Chupa inafunguliwa, harufu ya siki inapanda puani, na mwenyewe anakigeuzageuza kizibo akilalamika kwamba ameuziwa kibovu. Ni nadra ainue macho akaangalia bati lililo juu ya chupa zake.

Kizibo halisi ni gome la mwaloni unaostawi Ureno, Hispania na nchi nyingine za ukanda wa Mediterania. Mti haukatwi, hubanduliwa gome kila baada ya miaka 9 hivi. Kizibo cha kawaida kina kipenyo cha milimita 24, ilhali shingo ya chupa kwa ndani ni kama 18.5. Mashine hukibana kwanza ndipo hukisukuma ndani, nacho kikishaingia hutanuka na kuikaba shingo. Ndiyo sababu chupa husimamishwa siku 2 au 3 kabla ya kulazwa, ili hewa iliyobanwa itulie na kizibo kishike. Wanaovichemsha vizibo ili vilainike wanaua ule utanukaji wanaoutegemea. Na kizibo kilichokwisha kutobolewa na kizibuo kisirudishwe kwenye mvinyo wa kuweka.

Vizibo vibovu vipo, sikatai. Kuna kemikali iitwayo TCA, inayozaliwa ukungu unapokutana na klorini, na nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuuharibu mvinyo. Lakini TCA hunuka kadibodi iliyolowa. Hainuki siki. Siki ni kazi ya bakteria wanaohitaji oksijeni, kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hewa iliingiaje?

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Chupa ya mililita 750 ikipanda joto kwa nyuzi 10, mvinyo hutanuka kwa zaidi kidogo ya mililita 2. Nafasi ya sentimita 1.5 iliyoachwa chini ya kizibo ni kama mililita 4 tu. Hewa iliyokuwemo inasukumwa ikae kwenye nusu ya nafasi yake, na shinikizo linakaribia kuwa maradufu. Mvinyo hupenya pembeni mwa kizibo, au kizibo chenyewe kinainuka. Usiku baridi inaingia, mvinyo unanywea, na chupa inavuta hewa kwa njia ileile. Chini ya bati la Dodoma mchezo huo hurudiwa kila siku.

Ushahidi uko mkononi. Chomoa kizibo ukiangalie ubavuni. Rangi ya mvinyo ikiishia kwenye uso wa chini, kizibo kimefanya kazi yake. Ukiona mchirizi mwekundu umepanda hadi juu, hiyo ndiyo njia ya hewa. Kizibo kikiwa kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, mimina kidogo: ukiona viputo, sukari ilibaki na hamira imeamka, kwa hiyo kosa ni la kuwahi kuweka kwenye chupa. Visipokuwepo viputo, ni joto.

Nyuzi 12 hadi 14 zinazosifiwa vitabuni hatuna, na si lazima tuwe nazo. Chumba kinachobaki kwenye 22 mchana na usiku ni bora kuliko kinachoyumba kati ya 18 na 32. Chagua chumba cha ndani chenye ukuta mnene, laza chupa sakafuni ndani ya boksi, mbali na jiko na dirisha. Metabisalfaiti ya potasiamu, kwa kipimo sahihi wakati wa kujaza, hupunguza madhara ya oksijeni ila haizuii joto.

Zaidi ya hapo, sioni haja ya kung'ang'ania kuuweka mvinyo miaka mitano. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wako kama hauna chumba kisichoyumba joto, unywe kabla haujatimiza mwaka. Na kwa muda huo hata kifuniko kipya cha kuzungusha kinatosha.