Kinna: Tangi Likishasimama, Kazi Iko Wapi?

Mradi wa maji mimi huukagua kuanzia chanzo. Mwaka 1957, bomba la kilomita zipatazo 220 lilipoanza kupeleka Mombasa maji ya chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, waliolijenga walikuwa wameyaacha mabwawa kwa viboko na kuyadaka maji chini ya ardhi, yakiwa bado yanatoka kwenye mawe ya volkano ya Chyulu. Lava ilikuwa imeshayachuja, kwa hiyo mtambo wa kuyasafisha ukawa mwepesi.

Kinna, katika Isiolo Kusini, ina bahati ya aina hiyo hiyo. Iko jirani na Mbuga ya Meru, na vijito vyake vinashuka kutoka Nyambene, milima ya volkano kama Chyulu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya mradi wa hapa ningeipeleka kwenye jicho la maji: zege la kulifunika, mtaro wa kukinga maji ya mvua, na uzio wa kuzuia ng'ombe, na tembo pia ikiwezekana. Asiyefanya hivyo atajenga chujio la gharama kubwa ili aondoe mavi ambayo waya ungeyazuia. Lakini floraidi haizuiliki kwa waya. Maji ya maeneo ya volkano yanaweza kuwa nayo, na kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiiondoi, na kuchemsha maji kunaizidisha, basi kipimo chake kifanywe kabla mchoro haujaguswa.

Kutoka chanzoni tuje kwenye tangi. Tuchukue la zege la lita 150,000, lenye kina cha mita 4. Fundi ameshapiga lipu, paa liko juu, na watu wanaulizia siku ya uzinduzi. Zinabaki wiki kadhaa za kazi ambayo haipigwi picha.

Kwanza linajazwa maji na kuachwa wiki 1 hadi 3 ili zege lishibe. Kisha linapimwa siku 7. Kanuni ya Uingereza, ambayo wahandisi wengi wa Kenya wameizoea, inaruhusu maji yashuke sehemu 1 kwa 500 ya kina, yaani milimita 8 kwa tangi letu. Hizo ni kama lita 300, mitungi 15 ya lita 20. Ikizidi hapo, ufa utafutwe, na udongo usirudishwe kuzunguka ukuta mpaka upatikane. Kwa jua la Isiolo, tangi lisilo na paa linaweza kupoteza milimita hizo 8 kwa mvuke ndani ya siku 2 tu, na mkandarasi mjanja atasingizia mvuke kwa kila kitu. Dawa yake ni kuweka ndani ya tangi ndoo isiyovuja, iliyojaa maji. Yanayopungua kwenye ndoo ni mvuke. Tofauti iliyobaki ni uvujaji.

Na yale maji ya kupimia? Nimeona yakifunguliwa yaende porini. Ng'ombe mmoja akinywa lita 50, hayo yanatosha ng'ombe 3,000 kwa siku moja. Waborana wana dedha, baraza la malisho na maji, na wana aba herega, msimamizi wa zamu kisimani. Watu hao wakiambiwa mapema tarehe ya kufungua valvu, hakuna tone litakalopotea.

Linalofuata ni kuua vijidudu vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakiingia na viatu. Njia inayojulikana sana ni kulijaza tangi zima kwa maji yenye miligramu 10 za klorini kwa lita, kungoja saa 24, kisha kuyamwaga yote. Kwa mji mkavu hiyo ni anasa. Miongozo ya Marekani inaruhusu njia nyingine: jaza asilimia 5 tu, lita 7,500, kwa miligramu 50 kwa lita; subiri saa 6; halafu ongeza maji safi mpaka juu na uache saa 24. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 itakayotumika haifiki gramu 600. Ikishachanganyika inabaki miligramu 2.5 kwa lita au pungufu, na maji hayo yanaweza kupelekwa kwa watu vipimo vikiwa sawa.

Kuhusu vipimo, angalieni chupa ya sampuli. Ni lazima iwe na thiosulfati ya sodiamu ya kuzima klorini. Bila hiyo, dawa itaendelea kuua vijidudu njia nzima hadi maabara, na majibu yatakuja mazuri kuliko ukweli. Chupa isafirishwe kwenye barafu na ifike kabla ya saa 24.

Kosa ambalo maabara haitalionyesha siku ya kwanza ni la mabomba. Klorini inahitaji angalau dakika 30 ndani ya maji. Bomba la kuingiza na la kutolea yakiwa upande mmoja, maji yatakata kona na kutoka kabla ya muda huo, hata kama kwenye karatasi tangi linayashika kwa saa nyingi. Kuta 2 za ndani za kuyazungusha zinamaliza tatizo, na ni rahisi kuzijenga kabla paa halijafunika.

Baada ya makabidhiano, tangi linalotoa lita 150,000 kwa siku kwa kipimo cha miligramu 1.5 za klorini kwa lita litatumia takribani gramu 350 za unga kila siku. Joto linaumaliza nguvu unga huo hata ndani ya kopo, kwa hiyo ununuliwe kidogo kidogo na ukae kivulini, mbali na dizeli. Mhudumu asiridhike na alichopima tangini: aende kwenye kioski cha mwisho wa bomba, atie kidonge cha kipimo kwenye maji, na rangi ikionyesha chini ya miligramu 0.2 kwa lita, aongeze dawa siku hiyo hiyo.